Chipu kwenye kopo la dawa

Dawa iliyoipa chipu ya redio umaarufu haikuwa ya saratani wala ya moyo. Ilikuwa Viagra. Mwanzoni mwa 2006 kampuni ya Pfizer ilitangaza kwamba makopo ya Viagra yanayouzwa Marekani yatabandikwa lebo zenye chipu, ili kila kopo lijulikane lilikotoka na mikono iliyolipokea. Kabla ya hapo, Novemba 2004, kampuni ya Purdue Pharma ilikuwa imeanza kufanya hivyo kwa OxyContin, kidonge cha maumivu ambacho jina lake limekuwa sehemu ya historia chungu ya uraibu nchini humo. Uchaguzi huo haushangazi. Viagra ilikuwa kipenzi cha wanaoghushi dawa, na OxyContin ilikuwa kipenzi cha wezi. Mwenye mali huanza kuweka kufuli kwenye mlango unaojaribiwa kila usiku.

Matumaini yalikuwa makubwa. Februari 2004 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa ripoti kuhusu dawa bandia ikitazamia kwamba kufikia 2007 chipu hizi, zinazojulikana kwa kifupi cha RFID, zitakuwa zimeenea katika biashara ya dawa nchini mwao. Mwaka 2007 ulikuja ukapita, na makopo mengi yakabaki vilevile.

Kwetu habari ya dawa bandia haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Septemba 2011 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari kuhusu ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za Zidolam-N zilizoghushiwa na kukutwa Kenya, vidonge vilivyobadilika rangi na kumeguka vikishikwa. Mwaka uliofuata ARV bandia zikakutwa Tanzania, tena ndani ya mfumo wa umma. Kisha ikaja Ituri, mashariki mwa Kongo. Kuanzia mwishoni mwa 2014 watu walifikishwa vituo vya afya shingo zimekakamaa, ndimi zinatoka nje, misuli ya uso inavutana bila wao kutaka. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kuwa vidonge walivyopewa kama diazepam vilikuwa haloperidol, dawa ya maradhi ya akili. WHO ilipotoa tahadhari Julai 2015, waliolazwa walikuwa wamepita 400.

Kwa hiyo mtu akibisha hodi na kifaa anachodai kinajua kila kopo limepita wapi, atakaribishwa na kupewa kiti. Na swali la kwanza atakaloulizwa, kwa haki kabisa, ni kama kifaa hicho ni salama. Tatizo ni kwamba swali hilo huelekezwa pasipo. Watu hukiogopa kibandiko, wakidhani kinarusha mionzi usiku kucha juu ya vidonge vyao. Kwa maoni yangu kibandiko hakina kesi ya kujibu. Wa kuhojiwa ni wawili wengine: mashine inayokisoma kibandiko, na mkoba wa mgonjwa anayekibeba kwenda nacho nyumbani.

Ukiibandua lebo ya namna hii na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha, utaona mistari myembamba ya aluminiamu au shaba ikizunguka na kupinda, na katikati yake doa jeusi dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mistari ndiyo antena, doa ndiyo chipu. Hakuna betri. Kibandiko kikiwa kimekaa rafuni hakirushi chochote. Kinaamka pale tu kisomaji kinapopita karibu na kumwaga mawimbi ya redio. Antena inadaka nguvu kidogo kutoka kwenye mawimbi hayo, chipu inapata uhai kwa sehemu ya sekunde, inataja namba yake, inalala tena. Namba hiyo ni ya kopo lile peke yake, tofauti na msimbo wa mistari wa kawaida unaotaja aina ya bidhaa tu. Na kwa kuwa mawimbi hupenya karatasi, katoni nzima inaweza kuhesabiwa bila kufunguliwa.

Masafa yanayotumika ni ya aina mbili kuu. Yapo ya megahezi 13.56, yanayosomeka kwa umbali wa sentimita chache, na ndiyo yaliyomo kwenye kadi za benki za kugusisha. Yapo ya kati ya megahezi 860 na 960, yanayosomeka kwa mita kadhaa. Tofauti hii itakuwa na maana kubwa tukifika hospitalini.

Je, mawimbi hayo hayaipiki dawa? Hofu hii ndiyo iliyozungumzwa zaidi, na haikuwa ya watu wa mitaani pekee. FDA yenyewe, ilipotoa mwongozo wa kuruhusu majaribio Novemba 2004, iliziweka kando dawa za kibayolojia, yaani jamii ya chanjo na mazao ya damu. Sababu ni kwamba dawa hizi hutegemea protini, na protini hufanya kazi kwa sababu ya jinsi ilivyokunjwa. Joto likiikunjua, imebaki jina. Haikuwa vibaya kusubiri ushahidi.

Ushahidi umekuja ukiwa upande wa kibandiko. Kwa masafa ya juu, kisomaji huruhusiwa kurusha wati 4 tu Marekani, huku nguvu hiyo ikisambaa hewani na kupungua kwa kila hatua. Oveni ya maikrowevu ya jikoni hutumia wati 700 hadi 1,000, zote zikiwa zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na chakula. Mwaka 2010 watafiti wa Florida walichapisha matokeo ya kuziweka dawa za aina zaidi ya 100, zikiwemo chanjo na homoni, chini ya mawimbi ya masafa matano tofauti kwa saa 24. Ukiondoa suala la joto, hawakuona mabadiliko yaliyosababishwa na mawimbi yenyewe. Mwaka 2013 FDA ikaruhusu mfumo wa chipu za megahezi 13.56 kwa ajili ya kufuatilia mifuko ya damu. Taasisi iliyoanza kwa kuziweka kando bidhaa za damu ndiyo iliyofungua mlango, baada ya kupima.

Anayejali ubora wa chanjo na atazame friji iliyokatikiwa umeme Ijumaa jioni ikagunduliwa Jumatatu asubuhi. Hapo ndipo dawa zinapoharibika.

Kuna jambo moja dogo kuhusu kibandiko ambalo halizungumzwi, pengine kwa kuwa halina mvuto: gundi. Baadhi ya dawa za kuvuta kwa pumzi huwekwa kwenye vichupa vya plastiki laini inayopitisha kemikali polepole. Tangu 2002 FDA ilikwisha kuonya kuwa kemikali za gundi na wino wa lebo za karatasi zinaweza kupenya hadi kwenye dawa yenyewe. Lebo yenye chipu nayo ina gundi. Mtengenezaji makini atalipima hilo kabla ya kubandika, chipu iwepo au isiwepo.

Sasa twende Amsterdam. Katika hospitali ya chuo kikuu jijini humo, watafiti walichukua chumba cha wagonjwa mahututi kisicho na mgonjwa, wakaingiza vifaa tiba 41 kimoja baada ya kingine, vikiwa vimewashwa kama vile kuna mtu kitandani: mashine za kupumulia, pampu za sindano zinazosukuma dawa kwenye mshipa, mashine za kusafisha damu, vifaa vya nje vya kurekebisha mapigo ya moyo. Kisha wakawasha mifumo miwili ya RFID na kuisogeza karibu. Matokeo yalichapishwa Juni 2008 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, na yakawashtua waliokuwa wakiuza mifumo hiyo.

Katika majaribio 123, vifaa viliingiliwa mara 34. Kati ya hizo, 22 ziliwekwa kwenye kundi la hatari, kwa maana kwamba angekuwepo mgonjwa angeweza kudhurika. Mashine za kupumulia zilizimika au kubadilisha kasi ya pumzi. Pampu za sindano zilisimama. Mashine za kusafisha damu zilisimama. Umbali wa kati wa matukio hayo ulikuwa sentimita 30, ingawa moja lilitokea kisomaji kikiwa mita 6 kutoka kwenye kifaa.

Yaliyomo ndani ya takwimu hizo yanasisimua kuliko jumla yake. Mfumo mmoja ulitumia vibandiko vyenye betri vinavyorusha mawimbi vyenyewe, kwa masafa ya chini, kilohezi 125. Wa pili ulitumia vibandiko visivyo na betri, kwa megahezi 868. Mtu wa kawaida angedhani chenye betri ndicho chenye madhara. Kumbe matukio 26 kati ya 34 yalitoka kwenye mfumo wa kibandiko kisicho na betri. Ukifikiri kidogo inaeleweka: kibandiko kisipokuwa na nguvu yake, lazima kisomaji kirushe nguvu kubwa ya kutosha kukiamsha kutoka mbali, na kila waya na sakiti iliyopo njiani inaoga mawimbi hayohayo. Upole wa kibandiko unalipiwa na ukali wa kisomaji.

Mwanzoni mwa 2010 wakaja wahandisi wa FDA na jaribio la aina nyingine. Walichukua vifaa vya kupandikizwa kifuani, vile ambavyo watu huviita betri ya moyo, wakaviweka ndani ya maji ya chumvi kuiga mwili wa binadamu, kisha wakavisogezea visomaji vya aina mbalimbali. Visomaji vya masafa ya chini, karibu kilohezi 134, viliathiri vifaa katika theluthi mbili ya majaribio ya betri hizo, vingine kwa umbali wa hadi sentimita 60. Vya megahezi 13.56 viliathiri kwa nadra. Vya masafa ya juu, aina ileile iliyozima mashine Amsterdam, havikuathiri hata kimoja.

Kwa hiyo hakuna masafa ya kuyaita salama ukaishia hapo. Yanayomwacha salama mtu mwenye betri ya moyo ndiyo yanayoweza kusimamisha pampu ya jirani yake. Muuzaji akikuambia mfumo wake umethibitishwa kuwa salama, swali linalofuata ni: umethibitishwa karibu na nini? Haki isemwe pia kwamba majaribio ya Amsterdam yalifanywa kisomaji kikiwa kwenye nguvu za juu kabisa, kikisogezwa makusudi hadi kifaa kiingiliwe. Hayakuwa picha ya siku ya kawaida wodini. Lakini wodi zetu zina kawaida ya kutokuwa na kawaida, na mtu anayepita na kisomaji mkononi akihesabu dawa atasogea popote dawa ilipo, pamoja na kwenye kijimeza kilicho kandokando ya pampu.

Nimetaja mkoba wa mgonjwa. Mwaka 2006 GlaxoSmithKline nayo iliingia kwenye majaribio, na dawa iliyochagua ilikuwa Trizivir, ARV inayounganisha dawa tatu katika kidonge kimoja. Kwa upande wa ulinzi lilikuwa chaguo la maana, kwa sababu ARV ni ghali kule na zina wanaoziwinda. Kampuni ilieleza kuwa chipu haina taarifa za mgonjwa. Ni kweli, haina. Lakini namba ya kawaida ya mfumo huu hubeba ndani yake utambulisho wa mtengenezaji na wa aina ya bidhaa. Mwenye kisomaji na ujuzi wa kuzifasiri tarakimu hizo hana haja ya jina la mgonjwa. Mgonjwa amesimama mbele yake.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki analielewa jambo hili upesi kuliko mhandisi wa New Jersey. Muulize yeyote anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaotumia ARV, kuhusu kelele za kopo. Vidonge vikicheza ndani ya plastiki ngumu, kwenye daladala iliyojaa, kila anayejua anageuka kutazama. Ndiyo maana wapo wanaoshindilia pamba ndani ya kopo, wapo wanaochana lebo wakiwa bado kwenye uzio wa hospitali, na wapo wanaomimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni na kulitupa kopo pipani kabla hawajavuka geti. Wahudumu wanajua, na wengi hawagombi, japo wanafahamu kuwa kidonge kilichotolewa kwenye kopo lake kinapoteza kinga dhidi ya unyevu.

Mtu aliyeogopa sauti ya vidonge atakubali vipi kopo linaloitikia likiitwa kwa redio? Hatari halisi ni ndogo kuliko inavyosikika, kwa kuwa mwili una maji mengi, maji humeza mawimbi ya masafa ya juu, na kibandiko kilichobanwa kwapani hakisomeki kirahisi. Lakini hofu haingoji vipimo. Kopo lililosemekana kuwa na chipu litaishia kwenye pipa lilelile la getini, na vidonge vyake kwenye nailoni.

Kinga zipo. Kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwishoni mwa 2004 kiliweka amri ya kukiua kibandiko: ukikipa nenosiri lake, hakitajibu tena milele. Toleo la 2013 liliongeza uwezo wa kuficha namba na kutumia usimbaji. Namba yenyewe pia inaweza kupangwa kiholela, isiseme chochote kuhusu dawa mpaka ifananishwe na rejesta ya mtengenezaji. Au kibandiko kibanduliwe pale dirishani mgonjwa anapopewa dawa. Yote ni mazuri, ila kila moja linahitaji mtu wa kulifanya, na mtu huyo ni mtoa dawa mwenye foleni inayofika nje ya mlango. Mfumo wa ulinzi unaotegemea hatua moja ya ziada kutoka kwa mhudumu aliyechoka, mimi siuamini.

Na ulinzi wenyewe una mipaka. Kibandiko cha kawaida humtajia namba yake yeyote anayeuliza, kwa hiyo anayetaka kughushi anaweza kununua vibandiko vitupu na kuandika namba alizozisoma kwenye makopo halali. Atakamatwa tu ikiwa kuna rejesta inayogundua kwamba kopo moja limeonekana Mbeya na Mwanza kwa wakati mmoja. Kazi yote inafanywa na rejesta. Chipu ni mjumbe. Rudi Ituri uone. Kule vidonge visivyostahili vilikuwa ndani ya makopo yaliyoandikwa diazepam. Chipu ingelitaja kopo, kwa uaminifu kabisa, na isingejua chochote kuhusu kilichomo.

Pengine ndiyo maana wenye sheria walichagua njia nyingine. Sheria ya Marekani ya Novemba 2013 ya kufuatilia dawa, na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 9 Februari 2019, zote zilisimama kwenye msimbo wa mraba uliochapwa kwa wino juu ya boksi. Wino hauna antena. Hauzimi mashine ya mtu, haujibu ukiitwa kutoka kiti cha nyuma, na gharama yake ni ndogo mno. Ubaya wake ni kwamba kila boksi lazima lielekezwe kwenye kamera moja moja, na kwa ghala lenye maboksi laki kadhaa hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa dawa za kupeleka nyumbani, naona walichagua vema.

Chipu haikufa, ilihamia ndani ya hospitali. Marekani famasia za hospitali huandaa trei za dharura: dawa za kuamsha moyo, za usingizi, za mzio, kila moja mahali pake. Zamani mfamasia alizihesabu kwa macho, akisoma tarehe ya mwisho kwenye kichupa kimoja baada ya kingine. Sasa anaingiza trei kwenye kisanduku, anafunga mlango, na baada ya sekunde chache kioo kinamwonyesha kilichopungua na kinachokaribia kuisha muda. Mwaka 2020 kampuni ya Fresenius Kabi ilianza kuuza dawa zilizobandikwa chipu tangu kiwandani, ikianza na Diprivan, dawa maarufu ya usingizi. Mfumo huu una makosa yake pia. Kichupa kikikaa vibaya nyuma ya kioevu au karatasi ya chuma kinaweza kisisomwe, na trei ikaambiwa ina pengo wakati haina.

Lakini tazama walivyolimaliza tatizo la Amsterdam. Kisomaji hakizunguki wodini. Kimefungiwa ndani ya kisanduku kinachozuia mawimbi, ndani ya chumba cha famasia, mbali na kitanda chochote. Kinachokwenda kwa mgonjwa ni kibandiko, ambacho kikiwa peke yake hakirushi kitu. Na kwa kuwa kichupa kinatumika hospitalini na kutupwa hukohuko, hakuna siri inayopanda daladala. Naiona hii kuwa njia ya busara, na haikuhitaji uvumbuzi mpya, ilihitaji mtu kusoma jedwali la mwaka 2008 hadi mwisho.

Mfumo wa aina hii ukiletwa kwenye hospitali zetu, kwa mkopo au kwa msaada, mtu wa kukaa mezani siku ya majadiliano ni fundi sanifu wa vifaa tiba, ambaye kwa kawaida huitwa baada ya mkataba kusainiwa. Yeye anajua jambo ambalo halimo kwenye kijitabu cha muuzaji. Kiwango cha kimataifa cha uvumilivu wa vifaa tiba dhidi ya mawimbi kilikazwa mwaka 2014, kikaanza kuzingatia redio zinazokaa karibu sana na kifaa. Mashine iliyotengenezwa kabla ya hapo haikuwahi kupimwa kwa masharti hayo. Na pampu nyingi na mashine nyingi za kupumulia katika wodi zetu zilifika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Anachotakiwa kufanya kabla ya kisomaji chochote kuwashwa jengoni ni kupita kitanda hadi kitanda na kuandika mwaka wa kila mashine. Umechapwa kwenye kibati kilichoko nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingia.